Nakala ya Pili Iko Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, watafiti na wanafunzi, habari za asubuhi.

Leo nazungumzia kumbukumbu zetu za maandishi: hii ikiharibika, nakala ya pili iko wapi? Nianze na Gombe, msitu wa sokwe, mwendo wa boti tu kutoka hapa Kigoma mjini. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale Julai 1960. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni, na watafiti wa nje wakaondoka. Kazi haikusimama. Vijana wa mwambao huu waliendelea kuwafuata sokwe kutoka wanapoamka kiotani hadi wanapolala, wakiandika kila walichokiona, kwa Kiswahili, kwa mkono. Naomba hilo tulitafakari: mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani kuhusu wanyama wa porini imeandikwa kwa lugha yetu.

Miaka ya 1990 karatasi nyingi zilikusanywa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na baadaye kazi hiyo ikahamia Chuo Kikuu cha Duke, hukohuko Marekani. Zikapangwa, zikaskaniwa. Siwalaumu hata kidogo, maana unyevu wa ziwa mnaujua. Lakini binti wa Mwandiga, hapa jirani, anayetaka kuuona mwandiko wa babu yake aende wapi? Nakala ikikaa ughaibuni, nyingine ikae hapa, na isomeke.

Nilipokuwa mwanafunzi nilitafuta ripoti moja ya uvuvi wa dagaa. Nikapelekwa kwenye stoo ya ofisi fulani. Faili lilikuwepo, jina limeandikwa vizuri juu, ila ndani mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Nililia, nawaambieni kweli, kwa sababu haikuwa na nakala nyingine. Sheria ya mwaka 1975 ya Bodi ya Huduma za Maktaba inawadai wachapishaji nakala za vitabu vyao, lakini ripoti iliyopigwa chapa ofisini na kufungwa kwenye faili haimfikii mkutubi mpaka mtu aipeleke.

Wala msidhani hili ni tatizo la maskini. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Vitabu vingi vya masomo ya Afrika viliteketea. Vilivyokuwa ghorofa ya chini viliokolewa kwa kiasi kikubwa na milango ya kuzuia moto.

Sasa, wenzetu walifanyaje? Mwaka 1949 vyuo vikuu 10 vya Marekani vilianzisha ghala la pamoja mjini Chicago. Kila maktaba ilikuwa inajaza rafu kwa vitabu vinavyoombwa mara chache mno. Wakaona nakala moja, ikitunzwa vizuri na kuazimwa kwa wote, inatosha. Mwaka 1963 ulianza hapo mradi wa kupiga magazeti na nyaraka za Afrika kwenye mikrofilamu, yaani picha ndogo sana za kurasa kwenye filamu.

Shida yetu ni kinyume, nakala ni chache mno, ila dawa ni ileile ya kushirikiana. Sisi hatuna haja ya kuanza na ghala, wala na mashine ya kuskani. Tuanze na orodha. Kituo cha uvuvi kina nini, maktaba ya mkoa ina nini, parokia za zamani zina nini, wenzetu wa mkoa jirani wa Tabora wana nini. Orodha ikishakuwepo ndipo tutajua kipi kina nakala moja tu, na hicho ndicho kiskaniwe kwanza, kisha nakala zikae nyumba tatu tofauti.

Daftari liko pale mlangoni. Kabla ya chai, kila ofisi iandike faili tano inazozijua.