Saa Inalia, Taa Inazimika: Maana za "Go Off"

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno kinachogeuza maana. Nimechukua kimoja tu, "go off". Tukitaka kuvimaliza vyote tutalala humu ukumbini.

Sikilizeni. "The lights went off": taa zilizimika. "The alarm went off": king'ora kililia. Maneno ni yaleyale, ila huku kitu kimekoma na kule kitu kimeanza. Aliyekariri darasani kwamba "off" ni kuzima ataambiwa king'ora kimelia, yeye aelewe kimezimika, arudi kulala huku televisheni inatoka mlangoni.

Mnacheka, lakini shida hii ni ya zamani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, alisema kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kupita vyote, na kwamba amevinakili kwa uangalifu mkubwa. Basi tusijione wazito wa kichwa.

Sasa, "off" na "of" zamani lilikuwa neno moja. Yalikuja kutengana kabisa kwenye karne ya 17. Maana ya msingi ni kutoka, kubanduka penye kitu. "He went off to Leeds", kaondoka kwenda Leeds; hapo hakuna mgogoro. Halafu ikaja bunduki. Risasi ikitoka, "the gun went off". Sisi tuna neno zuri hapa: kufyatuka. Bunduki hufyatuka, mtego hufyatuka. Bomu likafuata njia hiyohiyo. Na saa ya kuamsha ni nini kama si mtambo uliotegwa usiku ufyatuke alfajiri? Mkiitazama hivyo, kulia kwake hakushangazi tena.

Maziwa je? "The milk has gone off": yameharibika, yametoka kwenye uzima wake. Huyo ni Mwingereza. Mmarekani atasema "gone bad". Mwingereza huyohuyo akikwambia "I've gone off coffee", usimtafutie kahawa iliyochacha. Hamu imemtoka, basi. Ila Mmarekani akisema "he went off on me", jua alifokewa vibaya sana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu: acheni kuwapa watoto orodha ya maana saba wakariri. Wafundisheni kuuliza kwanza, kiima ni nani? Ni taa, bomu, maziwa, au mtu? Na kama ni mtu, kuna nini baada ya "off"? Hivyo ndivyo sisi wenyewe tunavyofanya na "piga". Hakuna aliyewahi kukaa chini kukariri kwamba kupiga pasi, kupiga kura na kupiga magoti havihusiani na ngumi. Tunatazama jirani wa neno, tunaelewa.

Kuna moja inayonisumbua bado. "The wedding went off well", harusi ilifana, ilikwenda salama. Hapo nani katoka, na katoka wapi? Nimejaribu kuivuta iingie kwenye maelezo yangu, haivutiki vizuri. Hiyo ikaririni tu. Haya, maswali, tuanze na dada pale nyuma.