Herufi Isiyotaka Mshazari

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia herufi za majaribio, zile ambazo mtu akiziona anajiuliza kama ni maandishi au mchoro. Salim ameshinda wiki nzima akichora alfabeti isiyo na mviringo hata mmoja.

SALIM: Wala mshazari. Nilimfuata Theo van Doesburg, yule mchoraji Mholanzi.

NEEMA: Yule wa alfabeti ya 1919?

SALIM: Huyo huyo. Alichukua mraba, akaugawa vyumba 25, tano kwa tano, kila herufi akaijenga humo kwa mistari ya kulala na ya kusimama. Ndiyo ilikuwa imani ya kundi lao la wasanii, De Stijl, kule Uholanzi. O ikawa boksi, sawa. A ikawa na kichwa bapa, nayo inasomeka. Sasa njoo kwenye K.

NEEMA: K bila mshazari!

SALIM: Nimechora nane. Zote zinageuka H au R.

NEEMA: Na baadaye, miaka ya 1920, van Doesburg mwenyewe akaanza kupaka mishazari kwenye picha zake. Sheria yake, akaivunja mwenyewe.

SALIM: Kwenye picha, dada. Herufi ilishabaki na vidonda vyake.

NEEMA: Mimi wangu ni Wim Crouwel, mbunifu wa michoro, Mholanzi mwingine. Mwaka 1967 mashine za kupanga chapa zilikuwa zimeanza kuchora herufi kwa nukta kwenye skrini, na mviringo ukitoka una ngazi ngazi. Wengine walisema mashine irekebishwe. Yeye akasema herufi ndiyo ibadilike: mistari iliyonyooka, kona zilizokatwa, na kila herufi upana ule ule.

SALIM: M nayo upana ule ule? M ni pana kwa asili.

NEEMA: Hapo ndipo penye utamu. M aliifanya n iliyopigiwa mstari chini. W ni v iliyopigiwa mstari chini. Mstari maana yake, hii ihesabu mara mbili.

SALIM: Subiri. Andika "mwanamwali" kwa herufi hizo.

NEEMA: Nimeshaandika! M na w zinasimama jirani, mistari miwili inafuatana, jicho linadhani mwandishi ametilia mkazo mwanzo wa neno. Halafu katikati tena, "mw" nyingine. Hakika hakuwaza lugha yenye "mw" kila mahali.

SALIM: Kwa hiyo kashindwa?

NEEMA: Kwangu hapana. Alfabeti yake ilikuwa hoja, wala hakukusudia usomee gazeti. Anayeijaribu anagundua ni sehemu gani ya herufi jicho linaing'ang'ania.

SALIM: Mimi namkubali zaidi Paul Renner, Mjerumani aliyebuni herufi za chapa ziitwazo Futura. Michoro yake ya kwanza ilikuwa na vituko, kuna r ambayo ni kijiti na nukta pembeni. Ilipotoka 1927, vituko vingi viliwekwa kando. Tena ukiipima, ile jometri yake ina udanganyifu: herufi ya duara inavuka kidogo mstari wa juu na wa chini, maana ukiisawazisha kwa rula itaonekana fupi kuliko jirani yake. Mstari wa kulala nao unachorwa mwembamba kidogo, ama sivyo unaonekana mnene.

NEEMA: Kwa hiyo wewe ni mtu wa jicho, lakini wiki nzima umekaa na rula.

SALIM: Nilitaka kuona sheria inafika wapi kabla haijakwama.

NEEMA: Basi lete karatasi. Andika "MWAMKO".

SALIM: Hii hapa. Soma.

NEEMA: M… W… A… M… "MWAMHO."

SALIM: Haya. Mshazari mmoja, kwenye K tu.

NEEMA: Na R?

SALIM: R usiiguse.