Kufuta mabaki ya programu kwenye rejista ya Windows bila kuharibu kompyuta

Ssebo, nnyabo, na ndugu zangu wote mnaonifuatilia kwa Kiswahili kutoka Arua mpaka Busia, karibuni tena kwenye meza yangu hapa Nasser Road, Kampala. Kompyuta mnayoiona ni ya dada mmoja anayechapa kadi za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Anataka kuweka upya programu ya printa, lakini kila akijaribu anaambiwa toleo la zamani bado limo. Akienda kuliondoa hilo la zamani, anaambiwa faili halipo. Amekwama hapo tangu juzi, na wenye kadi wanapiga simu.

Kisa chake ni hiki: mtu aliifuta folda ya programu kwa Delete badala ya kuiondoa kwa utaratibu wake. Mafaili yakaenda, jina likabaki kwenye rejista, lile daftari kubwa ambamo Windows huandika programu zilizowekwa na mipangilio yake. Umeme ukikatika katikati ya kuondoa programu, unaweza kuachiwa mabaki ya namna hiyo hiyo.

Kama umekuja kwa sababu kompyuta yako ni nzito, nikuambie mapema usipoteze bando: kufuta mabaki haya hakuongezi kasi ya kuonekana. Ni maandishi madogo mno. Kaangalie memori na diski. Na zile programu zinazojinadi kusafisha rejista yote kwa mbofyo mmoja, mimi siziweki kwenye mashine ya mteja. Hata Microsoft wenyewe hawaungi mkono kuzitumia.

Haya, tuanze. Laptopu ichomeke kwenye umeme kwanza. Bonyeza Start, andika Create a restore point, fungua. Tazama diski C: ikiwa imeandikwa Off, bofya Configure, chagua Turn on system protection, kisha OK. Sasa bofya Create, ipe jina hiyo restore point, yaani kumbukumbu ya hali ya Windows unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, ngoja imalize. Usiruke hatua hii. Mimi niliwahi kuiruka, nikafuta kisichofutwa kwenye kompyuta ya duka la mtu, na usiku ule sikulala. Nilikuwa naweka Windows upya.

Sasa shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, bonyeza Enter, kubali kwa Yes. Juu kuna mstari wa anwani. Futa kilichomo, uandike hivi:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall

Kushoto zimejipanga folda nyingi, na huku ndani huitwa funguo. Nyingine zina majina ya kueleweka, nyingine ni tarakimu na herufi ndani ya mabano ya mkunjo. Zisikutishe. Bofya mmoja mmoja huku ukitazama kulia palipoandikwa DisplayName. Hapo ndipo jina halisi lilipo. Usipolipata, huenda programu ni ya biti 32 na Windows yako ni ya biti 64. Basi nenda hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall

La dada lilikuwa limejificha huku. Naubofya ufunguo wenyewe kwa kitufe cha kulia cha mausi, nachagua Export, naihifadhi nakala kwenye flashi. Faili linaishia na .reg. Baada ya hapo narudi pale pale, nachagua Delete, nakubali. Angalieni vizuri: hapa hakuna Recycle Bin. Ukishafuta kumefutika, na hiyo nakala ndiyo njia yako ya kurudi.

Bado hatujamaliza. Panda juu kabisa, bofya neno Computer, bonyeza Ctrl na F, andika jina la programu. Ukipata moja, F3 inakupeleka kwenye linalofuata. Hapa ndipo watu huumia. Ukitafuta Air, utaletewa hata Repair, kwa kuwa herufi hizo zimo ndani yake. Andika jina refu, pamoja na la kampuni, na usome njia nzima hapo juu kabla ya kugusa. Kila unachofuta, Export kwanza. Kilicho ndani ya SYSTEM\CurrentControlSet kiache kama kilivyo, na ambacho hukielewi kiache pia. Jina moja lililobaki pembeni kwa kawaida halimdhuru mtu.

Na wewe ambaye kila ukiwasha unaletewa ujumbe kwamba faili fulani halikupatikana, pengine tatizo lako liko hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run

Futa ule mstari mmoja tu wa kulia unaotaja programu iliyokwisha kuondoka. Ufunguo wa Run wenyewe usiuguse.

Funga dirisha, washa kompyuta upya. Programu ikilalamika, bofya mara mbili lile faili la .reg kwenye flashi, kilichofutwa kitarudi. Windows ikikataa kabisa kuwaka, ikikuletea skrini ya matengenezo ingia Troubleshoot, Advanced options, halafu System Restore, uchague ile restore point tuliyoipa jina mwanzoni.

Hii ya kwetu imewaka. Naweka programu ya printa... imekubali, haijauliza tena habari za toleo la zamani. Dada, leta karatasi tujaribu kadi ya kwanza.