Kimondo Kikubwa Kimepita: Tupime Nini?

Mabibi na mabwana, nazungumzia vimondo vinavyong'aa kuliko Zuhura, yaani vyenye mng'ao wa -4 au zaidi kwa kipimo cha wanaastronomia, ambamo namba ikishuka mwanga huongezeka. Vingi huwaka sekunde chache tu. Ukiona mwanga unaokatika vipande na kujikokota angani dakika nzima, yaelekea ni mabaki ya setilaiti au roketi. Hayo huingia kwenye angahewa kwa kasi isiyofikia kilomita 8 kwa sekunde. Kimondo huanzia 11 na huweza kufika 72.

Shahidi atakueleza rangi na ukubwa kwa msisimko. Msikilize, ila unachohitaji ni pembe. Akikuambia "kimeangukia nyuma ya kilima kile", usikimbilie kilimani. Kimondo kilichozimika kwenye kimo cha kilomita 30, nawe uko kilomita 200 kutoka hapo, huonekana digrii 8 hivi tu juu ya upeo wa macho. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wake ni digrii 10. Kwa hiyo kilizama chini ya ngumi moja, na hapo hakikosi kujificha nyuma ya paa au mti wa mtu.

Mrudishe shahidi palepale aliposimama. Usimuulize "digrii ngapi?", maana watu huzidisha kimo mno, cha digrii 20 ataapa kilikuwa 45. Aonyeshe kwa kidole kilipoanzia na kilipozimikia, akilinganisha na nguzo au pembe ya ukuta, kisha upime wewe kwa dira na kipimapembe. Dira ya simu huyumba karibu na gari au nondo, na mara nyingi kaskazini yake ni ya sumaku, si kaskazini halisi, kwa hiyo irekebishe. Muulize pia kama alisikia mngurumo, na baada ya muda gani. Sauti husafiri takriban kilomita 20 kwa dakika. Mngurumo wa baada ya dakika tatu umetoka kilomita 60 hivi.

Kamera za usalama na za magari ni hazina, zikishughulikiwa mapema, kwani nyingi hufuta rekodi za zamani zenyewe. Omba faili halisi. Ikipitishwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa, na taarifa za muda hupotea. Siku hiyohiyo linganisha saa ya kamera na saa sahihi, uandike tofauti. Dakika moja ikipotea, anga limezunguka robo digrii, na robo digrii kwa umbali wa kilomita 100 ni zaidi ya mita 400. Kamera isiguswe! Piga picha ya nyota usiku kutoka mahali ilipo lenzi ile, ikiwa na paa na nguzo zilezile ndani ya fremu. Nyota ndizo rula yetu: mahali pake panajulikana, na kwa hizo tunasahihisha mpindo wa lenzi.

Kamera moja hutoa bapa moja la njia, yaani uso tambarare unaopita kwenye kamera na kwenye njia ya kimondo; mbili hutoa makutano, na hapo ndipo njia yenyewe ilipo. Zinafaa zikiwa mbali kiasi cha kilomita 100, na mabapa yakutane kwa digrii 20 au zaidi. Yakikaribia kuwa sambamba, kosa dogo la pembe huwa kilomita nzima. Ndivyo ilivyofanyika kwa Příbram, huko Chekoslovakia, mwaka 1959, kimondo cha kwanza ambacho picha zilitoa mzingo wake, yaani njia yake kuzunguka Jua, na mawe yakaokotwa.

Mawe hutarajiwa pale kimondo kilipoingia polepole na mwanga ukadumu hadi chini ya kilomita 30. Kasi ikishuka hadi kilomita 3 kwa sekunde hivi, mwanga huzimika, na jiwe huendelea gizani likisukumwa na upepo. Hapo ndipo wengi hukosea: hurefusha mstari wa moto hadi ardhini. Tumia vipimo vya upepo vya mabaluni ya hali ya hewa kwa kila kimo. Mawe madogo husukumwa mbali zaidi na upepo, makubwa husonga mbele zaidi kwenye uelekeo wa njia.

Uwanjani tafuta ukoko mweusi, unene wake mara nyingi haufiki milimita moja. Pata ruhusa ya mwenye ardhi, piga picha kabla ya kugusa, andika mahali kwa GPS, kisha lifunge jiwe kwa karatasi safi ya alumini. Usilioshe. Na sumaku iache nyumbani: huifuta rekodi ya usumaku ambayo jiwe limeibeba.