Bluberi fupi za kwenye chungu: anza na udongo

Haya jamani wapendwa wangu karibuni tena, leo tuko bustanini na vile vichaka vya bluberi mnavyoniuliza kila siku kwenye komenti, huu mfupi kabisa ni Top Hat, unaishia kama sentimita 60 hivi, na huu mwingine ni Sunshine Blue unaofika mita moja, yote inakaa kwenye chungu vizuri tu, chungu chenye upana wa sentimita 40 na matundu ya kutosha chini.

Sasa nisikilizeni hapa, bluberi ni udongo. Inataka udongo wa tindikali, pH 4.5 mpaka 5.5, pH ni kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi, wakati mboga zetu nyingi zinapenda 6 na kuendelea, kwa hiyo ukiichomeka tu pale kwenye tuta la sukuma haitakufa leo wala kesho, itadumaa, majani yatakuwa ya manjano ila mishipa yake inabaki kijani, na hiyo maana yake madini ya chuma mmea unashindwa kuyanyonya. Watu wakiona manjano wanakimbilia mbolea! Hapana, pima pH kwanza, ikiwa juu changanya unga wa salfa mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda, maana unafanya kazi polepole sana. Na ndo maana mi napenda chungu, udongo unautengeneza mwenyewe.

Majivu usiweke, chokaa usiweke, samadi pia achana nayo. Mbolea ni SA, yaani salfeti ya amonia, kidogo kidogo, ile mbolea ya CAN hapana kwa sababu ina chokaa na naitreti, aina ya naitrojeni, na bluberi naitreti haiwezi kuitumia vizuri. Maji mazuri ni ya mvua, kinga kwenye pipa, ya bomba mengi yana chokaa na yanapandisha pH taratibu bila wewe kujua.

Mizizi yake ni myembamba mno na iko juu juu, ikikauka siku mbili za jua kali mmea unaumia kweli, so usipitishe jembe karibu, magugu ng'oa kwa mkono halafu tandaza magome ya msonobari sentimita 5 hadi 10.

Wanaotaka kupanda sehemu za joto, angalieni aina kabla hamjanunua mche. Kuna bluberi zinataka baridi ya chini ya nyuzi 7 kwa saa 800 au zaidi ndo zichanue, Sunshine Blue inaridhika na saa 150 tu, tofauti kubwa mno hiyo. Mwaka wa kwanza toa maua yote, najua inauma, lakini nguvu iende kwenye mizizi. Kupogoa subiri baadaye, matawi yakishazeeka unakata machache ya zamani kutoka chini kabisa ili machipukizi yapate nafasi.

Na kuchuma sasa, njoo na kamera hapa, hii tunda ni bluu si ndio? Igeuze uone kwenye kikonyo, bado kuna wekundu, hii ni chachu, iache siku kadhaa, ikiiva unaigusa tu kwa kidole gumba inadondoka mkononi. Funika na neti mapema lakini, ndege hawasubiri wekundu uishe.