Umesakinisha Linux nyepesi, kompyuta inagoma kubuti: tengeneza butiloda bila kuanza upya

Karibu. Umesakinisha Linux nyepesi kwenye diski kuu, iwe antiX, Lubuntu, Puppy au nyingine. Kisakinishi kimesema kazi imekwisha, umechomoa flashi, umewasha, na skrini imebaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi. Wengi wakifika hapo hurudisha flashi na kusakinisha tena kila kitu, halafu kosa lilelile linawangoja. Mfumo wenyewe mara nyingi ni mzima. Kilichokwama ni butiloda, programu ndogo inayoitafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, na kuiwasha. Kwa hiyo usiguse kitu bado. Piga picha ya skrini kwa simu, maana maneno hayo yanaonyesha butiloda ilifika wapi.

Tuanze na hili: "No bootable device", au "Operating system not found". Anayesema hapo ni BIOS au UEFI ya mashine, programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo wowote. GRUB, ndiyo butiloda ya Linux nyingi, bado hata haijaonekana. Ama imeandikwa kwenye diski nyingine, ama imeandikwa kwa namna ambayo mashine yako haiitafuti.

Diski nyingine ndiyo ipi? Aghalabu ni flashi uliyosakinishia. Ukibuti kwa flashi, yenyewe inaweza kupewa jina sda na diski kuu ikawa sdb, na kisakinishi kikapendekeza sda. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: Linux inawaka flashi ikiwa imechomekwa, ukiichomoa haiwaki. Buti tena kwa flashi ya live, ileile uliyosakinishia, fungua terminali, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE

Tazama safu ya ukubwa na ya modeli. Hapo huwezi kuchanganya flashi ya gigabaiti 16 na diski ya 320. Andika jina la diski yako kwenye karatasi. Kwenye video hii ni sda. Kama yako ni sdb, badilisha kila mahali.

Sasa tujue umebuti kwa njia gani:

ls /sys/firmware/efi

Folda ikiwepo, umebuti kwa UEFI. Ukiambiwa haipo, ni BIOS. Kisha, ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi), andika parted -l, utafute mstari wa "Partition Table". Utaona msdos au gpt, namna mbili za kuorodhesha patisheni, yaani vipande vya diski. Majibu haya mawili lazima yapatane, na hapa ndipo pa kutulia.

BIOS na msdos ni ndoa ya zamani isiyo na matata. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, na 446 kati yake ni za msimbo wa kubuti. GRUB nzima haienei humo, kwa hiyo kipande chake cha pili hukaa katika nafasi iliyo wazi kabla ya patisheni ya kwanza. Siku hizi patisheni ya kwanza huanzia sekta ya 2048, yaani megabaiti moja kutoka mwanzo, na nafasi inatosha. Diski iliyogawanywa kwa programu za zamani huanzia sekta ya 63, ikiacha kama kilobaiti 31 tu. Ukiona onyo la "embedding area is unusually small", sababu ni hiyo. Fungua GParted, sogeza mwanzo wa patisheni hadi megabaiti 1, lakini nakili data kwanza, kwa sababu kusogeza mwanzo huhamisha kila baiti na umeme ukikatika katikati umepoteza.

BIOS na gpt inawezekana, ila gpt haiachi nafasi hiyo ya wazi. GRUB hulalamika "this GPT partition label contains no BIOS Boot Partition". Tengeneza patisheni ya megabaiti 1, usiiwekee mfumo wowote wa faili, kisha katika GParted iwekee alama ya bios_grub. Kwa mashine ya zamani yenye diski isiyofika terabaiti 2, ushauri wangu ni kutumia msdos na kuachana na usumbufu huo.

UEFI yenyewe inataka patisheni ya FAT32 yenye alama za boot na esp. Megabaiti 300 zinatosha kabisa. Isipokuwepo, au isipopachikwa, utapata "cannot find EFI directory".

Baada ya kupatanisha, tunaandika GRUB upya, kwa kuingia kutoka kwenye live hadi ndani ya mfumo uliosakinishwa kwa amri ya chroot. Flashi ya live iwe ya biti zilezile za mfumo uliosakinishwa: live ya biti 32 haiwezi kuingia ndani ya mfumo wa biti 64, itatoa "Exec format error". Na kama unatengeneza UEFI, flashi nayo lazima ibuti kwa UEFI. Ukiwa na mamlaka ya root, andika:

mount /dev/sda2 /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt

Hapa sda2 ndiyo yenye mfumo, sda1 ndiyo ya FAT32. Wa BIOS aruke mstari wa pili. Angalia nilivyoandika --rbind na si --bind. Mafunzo mengi huandika --bind, ambayo haibebi folda ya efivars iliyo ndani ya sys, halafu watu wanashangaa wakiambiwa "EFI variables are not supported on this system".

Wa BIOS aendelee hivi:

grub-install --target=i386-pc /dev/sda
update-grub

Nimeandika sda bila namba. Ukiandika sda1 unaiambia GRUB ijibanze ndani ya patisheni, nayo itakataa: "will not proceed with blocklists". Usilazimishe kwa --force.

Wa UEFI:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=linux
update-grub

Kuna mashine ambazo UEFI yake husahau jina uliloisajilia, na hutafuta faili moja tu, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Kwa hizo rudia amri ya kwanza ukiongeza --removable mwishoni. Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokubali butiloda zenye saini tu, nayo izime kwenye setingi, kwa kuwa Linux nyepesi nyingi hazina butiloda yenye saini.

Tuhamie skrini ya pili: "grub rescue>". Hii ni habari njema kuliko ile ya kwanza. Kipande cha mwanzo cha GRUB kimewaka, ila hakikuipata folda ya /boot/grub. Huenda namba za patisheni zimebadilika, au patisheni imefomatiwa upya na UUID yake, namba yake ya utambulisho, ikawa nyingine. Andika ls, kisha chungulia kila patisheni:

ls (hd0,msdos1)/

Mkwaju (/) wa mwisho usisahaulike. Bila huo GRUB inakuonyesha aina ya patisheni tu. Ukiona boot, etc na usr, umefika nyumbani:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu inatokea. Lakini hii ni dawa ya mara moja. Mfumo ukishawaka, fungua terminali na uendeshe grub-install na update-grub, la sivyo kesho utarudi hapahapa. Na kama insmod inajibu "symbol 'grub_calloc' not found", usipoteze muda: kipande cha mwanzo na moduli ni vya matoleo tofauti ya GRUB, basi rudi kwenye chroot.

Je, patisheni zote zinajibu "unknown filesystem" wakati unajua ipo ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux? Hili limewachanganya watu wengi. Tangu toleo la 1.47 la e2fsprogs, la mwaka 2023, mkfs.ext4 huwasha kipengele kiitwacho metadata_csum_seed, na GRUB ya zamani kuliko 2.12 kwa kawaida haijui kukisoma. Flashi mpya imefomati, GRUB ya zamani imeshindwa. Hakikisha kwa dumpe2fs -h /dev/sda1 (weka jina la patisheni yenye mfumo wako), na kama jina hilo limo kwenye orodha ya "features", ondoa ukiwa kwenye live, patisheni ikiwa haijapachikwa:

tune2fs -O ^metadata_csum_seed /dev/sda1

Watumiaji wa Puppy, chroot hiyo haiwafai. Katika usakinishaji wa frugal, yaani wa kubana nafasi, mfumo mzima ni faili chache tu, vmlinuz, initrd.gz na faili za sfs, na hakuna update-grub wa kuita. Wengi wenu mnatumia Grub4Dos, butiloda nyingine, inayosoma menu.lst. Kagua mambo mawili. Kwanza, folda iliyotajwa kwenye psubdir ifanane na iliyoko kwenye diski, herufi kwa herufi. Pili, Grub4Dos ya zamani haisomi ext4 yenye kipengele cha 64bit. Fomati kwa mkfs.ext4 -O ^64bit, au tumia ext3 tu. Amri hiyo inafuta kila kitu kwenye patisheni, kwa hiyo folda ya Puppy inakiliwe pembeni kwanza.

Skrini ya tatu, "grub>" bila neno rescue, ina maana moduli zimepatikana ila grub.cfg haipo. Weka root kama tulivyofanya, kisha:

linux /boot/vmlinuz
initrd /boot/initrd
boot

Kabla ya kubonyeza Enter katika mistari miwili ya kwanza, bonyeza Tab ili GRUB ikamilishe jina lenye namba ya toleo, na mstari wa linux uumalizie kwa root=/dev/sda1 ro, ukiweka jina la patisheni yenye mfumo wako. Matoleo ya kerneli na initrd yafanane.

Lipo kosa moja la mashine kongwe: "attempt to read or write outside of disk". BIOS zinazohesabu sekta kwa biti 28 haziioni diski kupita gigabaiti 137. GRUB husoma kupitia BIOS, kwa hiyo kerneli ikiangukia mbele ya hapo haifikiki, ingawa Linux ikishawaka inaiona diski yote. Ndiyo maana mashine inaweza kubuti vizuri miezi mitatu, halafu ikagoma siku ulipofanya masasisho na kerneli mpya ikaandikwa mbali. Tengeneza patisheni ya /boot ya megabaiti 512 mwanzoni mwa diski, hamishia humo yaliyomo kwenye /boot ya zamani, iongeze kwenye /etc/fstab, kisha endesha grub-install na update-grub. Zima kabisa, chomoa flashi, washa.