Barafu Ipimwe Wapi, Aamue Nani?

Ndugu zangu, nimelisema hili na nitalirudia mpaka mnichoke: utafiti hauwi shirikishi eti kwa sababu kijana wa Wainuit, wenyeji wa Aktiki, amepewa koti lenye nembo na kuambiwa abebe boksi. Ulizeni kwanza ni nani aliyesema barafu ipimwe wapi.

Tazameni Mittimatalik, kijiji cha Nunavut huko Kanada, kaskazini mwa Kisiwa cha Baffin. Kazi ya SmartICE, shirika linalopima unene wa barafu ya bahari ili watu wasafiri salama juu yake, huko inaongozwa na kamati ya wenyeji, Sikumiut, yaani watu wa barafu ya bahari. Wawindaji na wazee wanaonyesha njia wanazopita; vijana waliofunzwa wanazipima. Kifaa cha kupimia hukaa juu ya qamutik, sleji ya mbao iliyofungwa kwa kamba badala ya misumari ili inyumbuke kwenye mabonde ya barafu, nayo huburutwa na pikipiki ya theluji. Kifaa kinatoa uga wa sumakuumeme: barafu karibu haiuzuii, maji ya chumvi ndiyo yanayoujibu. Basi namba unayopata ni umbali kutoka kwenye kifaa hadi majini. Toa kimo cha kifaa, halafu toa theluji. Usipotoa theluji, umewaandikia watu barafu nene isiyokuwepo, na mtu atazama.

Tena ukiiburuta sleji kwa kamba fupi, chuma cha pikipiki kinavuruga kipimo. Na karibu na mdomo wa mto, maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo kifaa kinayahesabu kama barafu. Nani anajua mto unamwaga wapi, nchi nzima ikiwa nyeupe? Si setilaiti! Ndiyo maana mnasimama, mnatoboa, mnashusha utepe wa kupimia wenye ndoano mpaka unase chini ya barafu, mnalinganisha.

Najua kuna anayenong'ona, "Lakini kijana huyo hana digrii." Sawa. Na mwenye digrii, ataitambua barafu inayoliwa na mkondo kwa chini? Kwa juu weupe ni uleule.

Muda unanikimbiza. Malipo: siku ya mzee ilipwe kama ya mtaalamu, na petroli iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Data: mkakati wa taifa wa Wainuit wa Kanada, 2018, umetaka wazi umiliki na udhibiti uwe wao. Kibali cha utafiti cha Nunavut mtajisomea. Lugha: ramani zitoke kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wa huko, na majina ya barafu yasifupishwe kuwa "nzuri" na "mbaya". Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.